Mkoromo wa Usiku na Presha Isiyoshuka

Kila kliniki ya presha ina wagonjwa wake wa siku zote. Anakuja mzee na daftari lililojaa vipimo vya miezi mingi: 170 kwa 100, 165 kwa 105, 180 kwa 110. Anameza dawa za aina tatu, chumvi alishaiacha, na nesi akimuuliza kama kuna siku anaruka dozi, mkewe aliyemsindikiza anadakia kwamba haruki hata siku moja, kwa kuwa ni yeye anayempa dawa na maji ya kumezea. Dozi inaongezwa. Mwezi ujao wanarudi na namba ni zilezile. Kuna swali moja halijaulizwa, na mwenye jibu lake ameketi palepale kwenye benchi: huyu mzee akilala, anapumua vipi?

Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la The Lancet Respiratory Medicine lilichapisha makadirio kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu, na kwamba milioni 425 kati yao wameshafikia kiwango cha kati au kikali. Wengi wao hawana habari. Watajuaje, na wenyewe wamelala? Anayeuona ugonjwa huu ni mke, mume, mtoto anayelala chumba cha pili, au mwenzako wa bwenini. Na hao nao hawasemi, kwa sababu kwetu mkoromo una jina zuri. Mtu akikoroma tunasema kachoka na kazi, kalala fofofo, mwacheni apumzike.

Kaa kando ya kitanda cha mtu mwenye apnea kali usiku mmoja uone hayo mapumziko. Amelala chali. Mkoromo unaanza chinichini, unapanda, unafika hadi sebuleni, kisha ghafla unakatika. Hapo watu wa nyumbani hushukuru wakidhani ametulia. Lakini tazama kifua chake: kinahangaika, tumbo linavutwa ndani, na ukiweka kiganja mbele ya pua yake husikii hewa ikitoka. Sekunde kumi zinapita, ishirini, pengine arobaini. Kisha anashtuka, mguu unarusha shuka, anavuta hewa kwa mkwaruzo mkubwa, anajigeuza kidogo, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote. Atakuambia amelala vizuri tu, ila haelewi kwa nini kichwa kinamuuma na mdomo umemkauka.

Sehemu ya njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wala gegedu la kuizuia isijikunje. Inashikiliwa na misuli. Usiku misuli hiyo inalegea, ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini linashuka, na kwa mtu ambaye njia yake ni nyembamba tangu kuzaliwa, au shingo yake imezungukwa na mafuta, njia inaziba kama mpira wa maji uliokanyagwa. Oksijeni katika damu inashuka, hewa ya ukaa inapanda. Ubongo unaona hatari na kuufanya mwili umwage adrenalini: mishipa inabana, moyo unakwenda mbio, presha inaruka, na mtu anaamshwa nusunusu, kiasi tu cha misuli kukaza na koo kufunguka. Wataalamu huhesabu mara ambazo pumzi inakatika au kupungua sana katika saa moja. Zikiwa 5 hadi 14, ugonjwa ni mdogo. 15 hadi 29, ni wa kati. 30 na kuendelea, ni mkali. Mwenye 40 kwa saa akilala saa saba, usiku huo amekabwa mara 280.

Sasa rudi kwenye presha. Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na hayo ndiyo mapumziko ya mishipa yake ya damu. Mwenye apnea hayapati. Presha yake inapigwa kiboko usiku kucha, na baada ya miaka mwili unazoea kiwango hicho cha juu hata mchana. Watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walilithibitisha hili kwa subira. Walichukua watumishi wa serikali ya jimbo, watu wa kazini na si wagonjwa wa hospitali, wakawapima usingizi, kisha wakawapima tena baada ya miaka minne. Matokeo yalitoka mwaka 2000: waliokuwa na matukio 15 au zaidi kwa saa walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa na presha ya kupanda baadaye, kuliko wale ambao pumzi yao haikukatika kabisa. Huko São Paulo, Brazil, madaktari waliwafuata moja kwa moja wagonjwa 125 ambao presha yao ilikataa kushuka kwa dawa, wakachunguza sababu zote zinazojulikana. Mwaka 2011 walitangaza walichokuta: asilimia 64 walikuwa na apnea, na hakuna sababu nyingine iliyoikaribia.

Kwa maoni yangu takwimu hiyo moja ingetosha kubadilisha maswali yanayoulizwa kliniki. Tunamwongezea mtu dawa ya nne na kumlaumu kwa chumvi ambayo pengine alishaiacha, na huku chanzo cha presha yake kinatenda kazi kila usiku bila mtu kukigusa.

Moyo nao una lake. Mtu anapovuta pumzi dhidi ya koo lililofungwa, ndani ya kifua kunatokea mvuto mkubwa unaotanua vyumba vya moyo. Ukitanuliwa hivyo usiku baada ya usiku, mapigo yanaanza kupoteza mpangilio, na mapigo yasiyo na mpangilio hugandisha damu moyoni. Bonge hilo likisafiri hadi kwenye ubongo, ni kiharusi. Mwaka 2005 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani walichapisha utafiti kuhusu watu 112 waliokufa ghafla kwa moyo na ambao usingizi wao ulikuwa umewahi kupimwa. Kwa kawaida vifo vya namna hiyo hutokea zaidi saa za asubuhi, baada ya watu kuamka. Kwa wenye apnea ilikuwa kinyume: karibu nusu yao walikufa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Tumezika wengi katika jamii zetu ambao habari yao ilikuwa fupi, kwamba jana alilala mzima na asubuhi hakuamka. Baada ya mazishi yanafuata maneno, majirani wanatazamana kwa shaka, ndugu wanasusiana. Sisemi kila kifo cha usingizini ni apnea. Nasema kabla ya kumtafuta mchawi, ingefaa kuuliza marehemu alikuwa analalaje.

Sukari pia imo. Oksijeni inayopanda na kushuka, pamoja na homoni za mshtuko, hudhoofisha kazi ya insulini, ndiyo maana apnea na kisukari cha aina ya pili hukutwa mara nyingi kwa mtu mmoja. Kuna na jambo ambalo wanaume wengi wa umri wa makamo hawalitarajii: kuamka kukojoa mara tatu, nne, kila usiku. Mwanaume wa miaka 55 akiona hivyo anawaza tezi dume, au sukari, na ni haki yake apimwe vyote viwili. Lakini ule mvuto wa kifuani unaotanua moyo huufanya moyo uamini kuwa mwili una maji mengi, nao hutoa homoni inayoziamuru figo ziyatoe. Wapo waliotibiwa apnea na safari za chooni zikapungua zenyewe. Nguvu za kiume hupungua kwa ugonjwa huu, kumbukumbu hufifia, hasira huwa karibu. Ndoa ngapi zimeingia ubaridi, mmoja amehamia chumba cha wageni kwa sababu ya kelele, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba wanahitaji daktari.

Na wengine hukimbilia kwa mganga. Mtu akishtuka usiku wa manane akihisi amekabwa koo, jibu la haraka mtaani ni jinamizi. Anafukiziwa, anapewa hirizi ya kufunga kitandani, analala tena na kukabwa tena. Miezi inapita bila kupimwa.

Usidhani ni ugonjwa wa wanene peke yao. Unene ni chanzo kikubwa kuliko vyote, hilo halina ubishi. Utafiti uleule wa Wisconsin uliona kwamba mtu akiongezeka uzito kwa asilimia 10, matukio yake ya usiku huongezeka kwa takriban asilimia 32. Lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo lililorudi nyuma, au mwenye mafindofindo makubwa, naye yumo hatarini. Wanawake husahaulika zaidi. Wanaume huugua kwa wingi zaidi hadi umri wa miaka 50 hivi, lakini mwanamke akishakoma hedhi tofauti hupungua, na dalili zake mara nyingi ni uchovu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi, kwa hiyo anaambiwa ana mawazo. Mjamzito anayeanza kukoroma kwa nguvu asipuuzwe, maana apnea huambatana na presha ya ujauzito.

Kabla ya mwaka 1980 tiba ya uhakika ilikuwa moja: kutobolewa koo na kuwekewa bomba la kupumulia chini ya pale panapoziba. Wagonjwa wengi waliikataa, na ni nani angewalaumu? Mwaka huo, katika Hospitali ya Royal Prince Alfred mjini Sydney, daktari kijana Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa aliyekuwa ameambiwa njia iliyobaki kwake ni hiyo. Sullivan akatengeneza barakoa ya pua, akaiunganisha kwa bomba na mota ya mashine ya kufagilia vumbi iliyogeuzwa ipulize hewa badala ya kuivuta. Wazo lake lilikuwa kwamba hewa yenye msukumo kidogo itaishikilia njia ya koo isijifunge. Mgonjwa akalala na mkoromo ukakoma. Pumzi ikaenda moja kwa moja hadi asubuhi. Mwaka 1981 Sullivan na wenzake walichapisha habari za wagonjwa watano katika jarida la The Lancet, na kifaa hicho, kinachojulikana duniani kote kwa jina la CPAP, ndicho hadi leo tiba ya kwanza kwa wenye ugonjwa mkali. Joe Biden, wakati huo Rais wa Marekani, alipoonekana na alama za mikanda usoni mwezi Juni 2023, Ikulu yake ilieleza kuwa ni za mashine hiyo.

Hapa nataka kusema ukweli wote, kwa sababu wauzaji wa mashine hawatausema. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliohusisha watu 2,717 wenye apnea na ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au waliwahi kupata kiharusi. Waliopewa mashine hawakupata mashambulizi machache ya moyo wala viharusi vichache kuliko wenzao. Waliacha kusinzia mchana, wakawa na furaha zaidi na siku chache za kukosa kazini, lakini moyo haukuonyesha faida. Ukisoma ndani unakuta kwamba kwa wastani waliivaa kwa saa 3.3 tu kwa usiku. Nusu ya usiku na zaidi walilala bila tiba. Nako Hispania, wagonjwa ambao presha yao ilikataa dawa walitumia mashine kwa wiki 12, na wastani wa presha yao ya saa 24 ukashuka kwa takriban pointi 3. Ni kidogo kwa mtu mmoja mmoja, ingawa walioivaa kwa saa nyingi zaidi walishuka zaidi. Kwa hiyo mashine haifuti dawa za presha. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Faida isiyo na ubishi ni ya kuwa macho mchana, na hapo suala linaacha kuwa la mgonjwa peke yake. Jumapili ya tarehe 1 Desemba 2013, treni ya abiria iliyokuwa ikielekea katikati ya jiji la New York iliingia kwenye kona eneo la Bronx ikiwa na kasi ya maili 82 kwa saa, mahali ambapo kikomo ni 30. Mabehewa yaliacha reli, watu wanne wakafa. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba dereva alisinzia, na kwamba alikuwa na apnea kali ambayo hakuna aliyewahi kuigundua. Kampuni haikuwa na utaratibu wa kuwapima madereva wake. Mwezi Septemba 2016 treni nyingine iligonga kituo cha Hoboken, New Jersey, ikaua mtu mmoja, na jibu la wachunguzi likawa lilelile.

Tanzania ilirejesha safari za usiku za mabasi ya mikoani mwaka 2023, baada ya kuzizuia kwa takriban miongo mitatu. Dereva anapimwa kilevi, anawekewa king'amuzi cha mwendo, anatakiwa awe na mwenzake wa kupokezana. Vyote ni vizuri. Lakini dereva mwenye shingo nene na presha, aliyelala kwa saa nane mchana akijiandaa na safari, kama pumzi yake ilikatika mara 40 kila saa hakulala, na hata yeye hajui kwamba hakulala. Kipimo cha kilevi hakitamkamata. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekuwa na sheria tangu mwisho wa mwaka 2015 kwamba dereva anayeshukiwa kuwa na apnea ya kati au kali apelekwe kwa daktari kabla ya kupewa au kuongezewa muda wa leseni. Sioni sababu ya sisi kusubiri hadi tuzike abiria.

Watoto wana habari yao, na inaniuma kuliko zote. Kwa mtoto chanzo kikuu ni mafindofindo na zile nyama zilizo nyuma ya pua zikivimba. Mtoto analala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma kutafuta hewa, anatokwa jasho, anakoroma kwa sauti isiyolingana na umri wake. Anaweza kurudia kukojoa kitandani akiwa alishaacha. Na darasani hasinzii kama mtu mzima. Anakuwa mtundu, hatulii, masomo hayamwingii, na mwalimu anamchapa kwa tabia ambayo ni ugonjwa. Wengi wa watoto hawa hupona au hupata nafuu kubwa wakiondolewa mafindofindo na nyama hizo na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, upasuaji unaojulikana na kufanywa miaka yote.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi wakisikia mtoto ana shida ya koo wanampeleka kukatwa kimeo. Bado inafanyika mijini na vijijini: mtoto anashikwa, mdomo unafunguliwa, kimeo kinakatwa kwa kifaa kisichojulikana kimetoka kwa nani. Madaktari wamepokea watoto waliotoka damu hadi kuishiwa, na waliopata maambukizi ya damu. Wapo waliofariki. Na pumzi ya mtoto haiponi, kwa sababu kilichoziba kiko mahali pengine kabisa. Mwenye mtoto wa selimundu awe mwangalifu zaidi. Chembe za damu za mtoto huyu hujikunja oksijeni inapopungua, na apnea huipunguza kila usiku. Nchi yetu ni miongoni mwa zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu; mkoromo wa mtoto wa aina hii ni jambo la kupelekwa kliniki wiki hiyohiyo.

Kuanza hakuhitaji fedha. Madaktari wengi duniani wanatumia maswali manane yaliyotungwa Toronto, Canada, na kuchapishwa mwaka 2008 na timu ya Dk. Frances Chung. Je, unakoroma kwa sauti kubwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna mtu aliyekuona ukikata pumzi usingizini? Una presha? Manne yaliyobaki ni ya unene uliopitiliza, umri unaozidi miaka 50, shingo inayozidi sentimita 40 kwa mzunguko, na kuwa mwanaume. Ukijibu ndiyo mara tatu, muone daktari. Mara tano au zaidi, usichelewe. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu dakika chache za usiku, nenda na rekodi hiyo, na ikiwezekana nenda na mwenzako mwenyewe. Kipimo kamili ni cha kulala na vifaa mwilini usiku mmoja, na siku hizi kuna vya kubeba nyumbani.

Wakati unasubiri kipimo, lala ubavu na si chali, acha pombe za usiku na usijinunulie dawa za usingizi dukani, kwa kuwa vyote viwili huzidi kulegeza koo. Punguza uzito kama umezidi. Mwezi Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano ya kupunguza uzito, tirzepatide, kwa wenye apnea ya kati na kali pamoja na unene uliopitiliza, lakini bei yake ni ya wachache. Kwa ugonjwa mdogo au wa kati kuna kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele, ambacho hutengenezwa na daktari wa meno.

Mashine bado ni ghali kwa familia nyingi na wengi huinunua kwa fedha zao mfukoni. Naziomba wizara zetu za afya na mifuko ya bima iweke kipimo cha usingizi na mashine yake katika orodha ya huduma, ianze na madereva wa abiria na wagonjwa ambao presha yao imekataa dawa tatu. Kiharusi kimoja, na miezi ya kulazwa na kunyooshwa viungo inayofuata, hugharimu zaidi.

Na wewe uliyepangiwa upasuaji wowote, hata mdogo, ukiwa unakoroma kwa nguvu mwambie daktari wa dawa za usingizi kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Dawa zake na dawa kali za maumivu za jamii ya morfini huweza kukaba koo lenye apnea mgonjwa akishatolewa humo na kurudishwa wodini. Akijua mapema atakuandalia dawa nyingine, oksijeni na mtu wa kukuangalia usiku huo.